Hesabu ya Msimbati Isomwe Hadharani

Yako maneno yasemwayo juu ya ndugu zetu wa Mtwara na Lindi, na leo twaona yafaa tuyajibu. Wasemwa kuwa ni watu wepesi wa kuchochewa. Kuwa mali ya taifa wataka iwe mali ya mkoa mmoja. Kuwa kila jambo la maendeleo likiwafikia hulipokea kwa mawe. Maneno hayo yalivuma sana mnamo 2013 juu ya gesi, yakavuma tena mnamo 2018 juu ya korosho, na hata sasa wako wanachama wetu wanaoyarudia barazani kana kwamba ni ukweli uliokwisha kuthibitishwa. Sisi hatuyakubali. Watu wa Kusini waliuliza hesabu, nao wakajibiwa siasa.

Tuanzie Msimbati kwenyewe, maana wengi wanaoitaja hawajapata kufika. Ni rasi ya mchanga na minazi, mwisho kabisa wa pwani yetu, karibu na mahali ambapo mto Ruvuma wamwaga maji yake baharini na kuitenga nchi yetu na Msumbiji. Watu wake ni wavuvi na wakulima wa korosho, nazi na muhogo. Tangu mwaka 2000 bahari yao imekuwamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na kwa ajili hiyo mvuvi huambiwa wapi atege na nyavu gani asitumie. Uhifadhi ni jambo jema; lakini aliyeambiwa aiache sehemu ya bahari yake ana haki ya kujua amepewa nini badala yake.

Katika kupita tukumbushe jambo moja. Msimbati imepata kutangazwa kuwa dola, na aliyeitangaza alikuwa Mwingereza, Latham Leslie-Moore, aliyejifanyia usultani wake hapo mnamo 1959. Mchezo ule ukaisha mwaka 1962, Tanganyika ilipokwisha kuwa huru. Basi wale wanaotafuta historia ya kujitenga huko Msimbati wataikuta kwa bwana yule. Waliobeba mabango ya gesi miaka hamsini baadaye hawakuomba kujitenga na taifa. Waliomba kuhesabiwa ndani yake.

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya AGIP ya Italia, ikakaa ardhini zaidi ya miaka 20 bila kutumika. Kufikia 2007 umeme wa gesi hiyo, uliozalishwa na kampuni ya Artumas ya Canada, ulikuwa umeanza kuwaka Mtwara, na watu wakafurahi, maana mji ule ulikuwa umezoea mitambo ya dizeli na giza. Ndipo ikaja habari ya bomba. Mwezi Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi la bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China uliozidi dola bilioni 1.2. Kiwanda cha kusafisha gesi kikajengwa Madimba, jirani na Msimbati. Mitambo mikubwa ya umeme ikawa Kinyerezi.

Mwananchi wa Mtwara alikuwa ameahidiwa mengi kwa ajili ya gesi: mtambo wa megawati 300, viwanda, mbolea, kazi kwa vijana. Aliposikia bomba laelekea kaskazini, akauliza yale yaliyoahidiwa yamekwenda wapi. Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu waliandamana mjini Mtwara kwa amani wakisema gesi haitoki. Mwezi uliofuata ghasia zikazuka Mtwara na Masasi, nyumba na ofisi zikachomwa, na ofisi za CCM zilikuwa miongoni mwa zilizochomwa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda mwenyewe kuzungumza na watu, na kwa muda kukatulia. Kisha tarehe 22 Mei 2013, Waziri Sospeter Muhongo aliposoma Bungeni makadirio ya Wizara ya Nishati, na ikaonekana kwamba bomba lajengwa vile vile, mji ukawaka tena. Jeshi likaingia. Watu walikufa. Wengine walipigwa, wengine wakafungiwa mahabusu, na familia nyingi zikalala porini kwa hofu.

Kuchoma nyumba ya mtu ni uovu, awe diwani au awe mwalimu, na hatutautafutia jina lingine. Tena hoja ya Serikali kwamba gesi ni ya Watanzania wote ilikuwa hoja ya haki kabisa. Kahawa ya Kilimanjaro, almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita zimelisha shule za Mtwara pia. Lakini hoja ya haki ikisemwa na mtu asiyefungua daftari lake, haimridhishi msikilizaji. Na daftari la gesi lilikuwa limefungwa hata mbele ya Bunge. Mnamo Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, iliyoongozwa na Zitto Kabwe, iliamuru viongozi wawili wa Shirika la Maendeleo ya Petroli wakamatwe kwa sababu mikataba 26 ya gesi iliyotakiwa haikuwa imewasilishwa kwa kamati. Ikiwa wabunge walinyimwa mikataba, mvuvi wa Msimbati angeiona wapi? Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi. Sheria hiyo ni njema, lakini ilikuja baada ya makaburi.

Liko fungu moja la hesabu hii lililo karibu sana na mwananchi, nalo latajwa kwa nadra. Sheria ya fedha za serikali za mitaa imeweka ushuru wa huduma, asilimia fulani ya mauzo ya kampuni, ulipwe kwa halmashauri ambamo kampuni yafanya kazi. Gesi ya Msimbati huilipa Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Asilimia hiyo ni ndogo, lakini mauzo ya gesi si madogo, na kwa halmashauri ya wakulima fedha hizo ni mali kubwa. Twauliza: ni vijiji vingapi vya rasi ile ambavyo vimebandikiwa karatasi ionyeshayo fedha iliyopokewa kwa mwaka na kazi iliyofanyika kwayo? Mwenyekiti wa kijiji atakayetujibu kwamba karatasi ipo, na aitundike mahali inapoonekana. Atakayejibu kwamba haijapata kumfikia, aidai kwa barua.

Tukiiacha gesi na kuingia katika korosho, twakuta ugonjwa ule ule, tena wenye umri mkubwa zaidi. Korosho ndiyo karo ya shule, ndiyo bati, ndiyo mahari, ndiyo sanda. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani 145,000 na kuhesabiwa miongoni mwa wakuu wa zao hilo duniani. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Ubwiriunga uliishambulia mikorosho, hilo ni kweli; lakini ubwiriunga haukuwa peke yake. Katika operesheni ya vijiji watu walihamishwa mbali na mikorosho yao, ikabaki kuliwa na nyasi na moto. Vyama vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga wenyewe tangu kabla ya Uhuru, vilivunjwa kwa amri mwaka 1976 na kurudishwa mwaka 1982, vikiwa vimekwisha kupoteza watu waliozoea kuvisimamia. Bei ilikuwa ndogo na malipo yalichelewa. Wakati huo huo Serikali ilikopa kujenga viwanda vya kubangua, na vingi kati yake ama havikufanya kazi kwa nguvu iliyokusudiwa ama havikuwashwa kabisa. Baadaye vikauzwa, na wanunuzi wengine wakavigeuza maghala ya kuwekea korosho ghafi zinazongoja meli ya kwenda India. Mfanyakazi ambaye angebangua korosho Mtwara hana kazi, na kazi yake yafanywa ng'ambo. Wafanyakazi wa mijini waliozoea kudhani kwamba taabu ya korosho ni ya wakulima peke yao wakumbuke hilo.

Mwaka 2007 ukaletwa mpango wa stakabadhi ghalani. Nia yake ilikuwa kumtoa mkulima mikononi mwa mlanguzi: apeleke korosho zake kwenye chama cha msingi, zipimwe, ziwekwe ghalani, ziuzwe mnadani, naye alipwe bei iliyopatikana baada ya makato. Katika jambo hilo twaiunga mkono Serikali bila kusita. Lakini katika neno lile "makato" ndimo panya walimojificha. Kuna makato ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafiri, ya magunia, ya halmashauri. Na mkulima asiyeonyeshwa kila shilingi ilikokwenda hujikuta anauza kilo 100 na kulipwa asizoweza kuzihesabu. Iko mizani isemayo uongo. Wako makatibu waliojenga nyumba katika msimu ambao wanachama wao walidai malipo. Mwezi Aprili 2013, wiki chache tu kabla ya ghasia za gesi, wakulima wa Liwale walichoma nyumba za viongozi wa ushirika na za wanasiasa kwa sababu malipo ya pili yalitoka pungufu ya walivyotarajia. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Liwale kulikuwa na bomba la gesi.

Na mlanguzi hakufa. Jina lake Kusini ni kangomba. Huja miezi ile ya njaa, kabla ya mavuno, wakati mkulima anahitaji salfa ya kupulizia mikorosho na nyumbani hakuna unga. Humpa fedha kidogo na kuondoka na ahadi ya korosho zote za msimu kwa bei ya kutupa. Kisha kangomba huyo huyo huziingiza korosho ghalani kwa jina la mkulima, au kwa jina la kiongozi fulani. Twajua kwamba wako watumishi, na wako wanachama wenye kadi, wanaofanya kazi hiyo. Ahadi ya mwanachama yamkataza kutoa rushwa na kuipokea. Haikuacha nafasi kwa anayemnyonya jirani yake kwa kipimo cha bakuli.

Sasa tuje mwaka 2018, ambao watu wa Kusini hawatausahau upesi. Msimu uliotangulia kilo ya korosho ilikuwa imevuka shilingi 4,000, na mavuno yalizidi tani 300,000. Watu walilipa karo na kujenga. Korosho ghafi ziendazo nje hutozwa ushuru, asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, lolote lililo kubwa. Na kwa sheria asilimia 65 ya ushuru huo ilitakiwa kurudi kwenye mfuko wa zao, kununulia salfa na miche. Wabunge wa Kusini walidai kwamba zaidi ya shilingi bilioni 200 hazikuwa zimerudishwa. Jibu walilopata mwezi Juni 2018 lilikuwa mabadiliko ya sheria: ushuru wote uende Hazina. Mheshimiwa Hawa Ghasia, mbunge wa CCM wa Mtwara Vijijini, jimbo lenye Msimbati ndani yake, akauacha uenyekiti wa Kamati ya Bajeti. Basi na waseme wale wanaodai kwamba malalamiko ya Kusini ni ya wapinzani: Mheshimiwa Ghasia alikuwa wa chama gani?

Mwezi Oktoba minada ikafunguliwa, bei zikawa chini sana, wakulima wakazikataa. Mwezi Novemba Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, na tarehe 12 akatangaza kwamba Serikali yenyewe itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaenda kuzibeba. Vijijini watu walishangilia, na twaelewa kwa nini. Lakini kununua ni nusu ya biashara. Wenye zaidi ya kilo 1,500 walisimamishwa ili wahakikiwe kama ni wakulima au kangomba. Wakulima wa kweli wakangoja pamoja na walanguzi, miezi ikapita, na msimu mpya wa kupulizia ukafika hawana fedha za salfa. Tarehe 30 Januari 2019 ukatiwa sahihi mkataba na kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions, ya kununua tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Kampuni ile haikulipa, na miezi michache baadaye mkataba ukavunjwa. Korosho zikaendelea kulala ghalani. Makuli wa bandari ya Mtwara, ambao mshahara wao wa mwaka mzima hutegemea miezi michache ya korosho, walikaa na mikono yao mapajani.

Hatuyasemi haya kumlaumu aliyekwisha kufariki. Twayasema kwa sababu mambo hayo hayo yamewapata wakulima wa nchi nyingine, na mwenye kujifunza huyatazama. Katika Thailand, nchi ya mpunga, serikali ya Yingluck Shinawatra ilianza mwaka 2011 kununua mpunga kwa baht 15,000 kwa tani, bei iliyozidi sana ile ya soko. Wakulima wa kaskazini na kaskazini-mashariki, maskini waliodharauliwa siku nyingi na watu wa Bangkok, walifurahi kama walivyofurahi wetu. Mchele ukajaa maghalani, wanunuzi wa dunia wakaenda kwingine, na kufikia mapema 2014 wakulima walikuwa wamedai malipo yao kwa miezi. Wakati huo nchi ilikuwa imegawanyika, wa mashati mekundu upande mmoja na wa mashati ya njano upande wa pili, na kila aliyeuliza juu ya ghala aliulizwa kwanza shati lake ni la rangi gani. Wenye kula walikula katikati ya ugomvi huo. Jeshi likapindua serikali tarehe 22 Mei 2014. Mwaka 2017 aliyekuwa waziri wa biashara alihukumiwa kifungo cha miaka 42 kwa mauzo ya udanganyifu ya mchele huo, na Yingluck, aliyekwisha kukimbia nchi, akahukumiwa miaka mitano. Hukumu hizo hazikulima shamba la mtu.

Kwetu hakuna mashati, lakini ziko kadi. Katika Kusini mtu aliyeuliza bei ya korosho aliweza kuambiwa kuwa ni wa CUF. Aliyesema Serikali imefanya vyema katika barabara akaitwa msaliti wa gesi. Mwaka 2015 wapiga kura wa Mtwara Mjini na Tandahimba waliwapa ubunge wagombea wa CUF, jambo lililotushtua wengi. Haikupita miaka miwili chama hicho kikapasuka, wa Profesa Lipumba huku na wa Maalim Seif kule, wakashtakiana mahakamani hadi Machi 2019, Maalim Seif alipohamia ACT-Wazalendo. Mkulima aliyetarajia msemaji akapata kesi.

Lakini tusicheke nyumba ya jirani. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya viti vya wenyeviti wa vijiji nchini, na vyama vingine vikalalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Hata tukiuacha ubishi huo kando, liko jambo lisiloepukika: mwenyekiti wa kijiji ni wetu, diwani mara nyingi ni wetu, na katika bodi ya chama cha msingi wamejaa watu wetu. Hesabu zikifichwa hapo, hatuna mpinzani wa kumsingizia.

Tena ng'ambo ya Ruvuma tu, huko Cabo Delgado, gesi nyingi kuliko yetu iligunduliwa kuanzia mwaka 2010. Vita viliwaka Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017. Palma ikavamiwa mwezi Machi 2021, na kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha kazi. Sababu za vita vile ni nyingi, na si zote zatokana na gesi. Lakini vijana waliokata tamaa kwa kuona utajiri wapita mbele yao walikuwa tayari wapo wenye silaha walipokuja kuwatafuta. Mwezi Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto na kuwaua watu wetu katika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Askari wetu walinzi wa mpaka wafanya kazi kubwa, nao wastahili kusaidiwa na makarani wa halmashauri.

Mambo ya siku hizi si mabaya yote. Mnada sasa hufanywa kwa mitambo ya soko la bidhaa, na mkulima aweza kusikia bei siku ile ile. Mnamo Oktoba 2024 mnada wa kwanza ulivuka tena shilingi 4,000 kwa kilo. Salfa ya ruzuku imegawiwa. Lakini bei nzuri ndiyo huwafanya watu waache kuuliza, na makato huongezeka vizuri zaidi wakati hakuna anayelalamika.

Kwa hiyo twatoa shauri moja, nalo halihitaji sheria mpya. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 yataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu. Katika mkutano huo mwanachama asimame, aseme "Ndugu Mwenyekiti," na aulize kwa adabu mambo matatu: ushuru wa huduma wa gesi ulioingia halmashauri mwaka uliopita ni kiasi gani, na kijiji hiki kilipata nini, kila kilo ya korosho ya msimu uliopita ilikatwa shilingi ngapi, na nani alizipokea, na mizani ya chama cha msingi ilikaguliwa lini mara ya mwisho na wakala wa vipimo. Majibu yaandikwe kwa tarakimu, yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kwenye mlango wa ghala. Katibu wa tawi asimame pamoja na muulizaji, asimwite chumbani kumwuliza ametumwa na nani. Na karatasi hizo ziwe zimebandikwa kabla ya Oktoba, maana mnada ukisha kufunguliwa wakulima wote huwa ghalani, na hapana atakayepata nafasi ya kukaa mkutanoni.